Sentensi Yangu Ilivyofika Adu

Sentensi ile niliitunga mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wengi walionionea huruma baadaye walidhani nimeibiwa, na aliyeibiwa hana lawama. Mimi sikuibiwa. Niliitwa, nikaenda, nikakaa kitako, nikaitunga kwa raha zangu, nikasifiwa, nikafurahi.

Nimesomesha Kiswahili miaka thelathini na kitu, Malindi na viungani mwake. Nilipostaafu nilibaki na kazi ndogondogo: kunyoosha maneno ya kadi za harusi, kuandika tangazo la madrasa, kumwandikia barua mtu anayedai haki yake na hajui aanzie wapi. Watu husema Kiswahili changu kina mvuto. Marehemu mama yangu akisema huo ni ulimi tu, na kila mtu anao wake.

Yule mgeni niliunganishwa naye na mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye naye aliambiwa na mtu mwingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyejisitiri kwa mavazi kuliko wasichana wetu wengi wa siku hizi. Kiswahili alikijua kidogo, cha kujifunza darasani, na alikisema kwa adabu. Alinieleza kwamba ametumwa na shirika la ng'ambo linalowasaidia watu wa Pwani kulinda ardhi zao wasidhulumiwe. Shirika lilikuwa na jina refu. Nimelitafuta jina hilo tangu wakati ule na sijaliona popote.

Alikuwa amepanga nyumba Bofa, na gari lilikuja kunichukua Malindi kila asubuhi, siku tano. Walikuwamo watu wengine wawili wenye kompyuta, wasiosema nami zaidi ya salamu. Kazi ilikuwa kutunga maneno mafupi ya kutumwa kwa simu, ya kuwatahadharisha watu wa bara ya Kilifi na Magarini juu ya matapeli wa mashamba. Walinilipa, na vizuri.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda kazi ile. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alioa Adu. Baba mkwe wake alikuwa mkulima, hajui kusoma. Siku moja alikuja mtu na karatasi, akamwambia ni orodha ya wanaostahili mahindi ya msaada, atie dole. Akatia. Mahindi hayakuja. Baada ya miaka michache alikuja mtu mwingine na karatasi ileile, akamwonyesha kwamba nusu ya shamba lake, ile yenye kisima, aliiuza kwa hiari yake, na dole lake hilo hapo chini. Mzee yule alikufa akiwa na hasira na mkono wake mwenyewe.

Kisa hicho nilimsimulia yule mgeni siku ya kwanza, na alipangusa macho. Mpaka leo sijui kama yalikuwa machozi ya kweli. Kisha akaanza kuniuliza maswali, na niliyajibu yote.

"Watu wa kule wanaogopa nini hasa?" aliniuliza. "Sitaki kile wanachosema mkutanoni. Nataka kile wanachoambiana jikoni."

Nikamwambia. Wanaogopa orodha, kwa sababu kila orodha ilikuja na hasara. Wanaogopa gari geni lenye watu wa kupimapima. Wanaogopa mashine, kwa sababu mtu unaweza kumsoma uso ukamjua, na mashine haina uso.

"Na wanamwamini nani?"

"Hawamwamini mtu wa tangazo," nikasema. "Wanamwamini anayejua wanavyoitana."

Alilipenda jibu lile mno. Aliwageukia wale wawili akawaambia jambo kwa lugha yao, wakaandika. "Basi andika hivyo," akaniambia. "Andika kama jamaa yao."

Nikaandika. Moja niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: *Dole lako ndilo sahihi yako. Usilitie kwenye karatasi usiyoijua, hata ukiitwa kwa jina lako la nyumbani.* Niliisoma kwa sauti pale chumbani na nikaona fahari. Nilimfikiria yule mzee, nikasema laiti angetumiwa neno hili siku ile.

Miezi ikapita, uchaguzi ukafika.

Siku ya kura nilipiga yangu asubuhi mapema hapa Malindi, kisha nikaenda Adu kumtembelea wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Nilikuwa nampelekea dawa yake ya presha na unga wa ngano, na siku ile hakukuwa na shughuli mjini. Wifi ni Mgiriama, mkulima kama baba yake, kwenye ile nusu ya shamba aliyobaki nayo mzee, mwanamke wa maneno machache ambaye tangu aolewe kwetu tumetaniana bila kukosana. Ndiye aliyemlilia kaka yangu kwa heshima kuliko sisi tuliozaliwa naye.

Nilifika yapata saa saba na nusu. Nikamkuta anapukuchua mahindi. Tukasalimiana, akaniletea maji, na alipokuwa akinipa kikombe nikaona kidole chake cha mwisho kisafi, hakina alama ya wino.

"Wifi, bado hujaenda kupiga kura?"

"Siendi."

Nilidhani anatania, kwani uchaguzi uliotangulia alipanga foleni tangu alfajiri. "Unaumwa?"

"Siumwi. Mwaka huu wanatumia kura kuchukua mashamba. Ukitia dole kwenye ile mashine, umesaini. Wewe una hati ya nyumba yako, huna la kuogopa. Sisi hatuna hati."

"Nani kakwambia hivyo?"

Alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na simu. Ujumbe ulikuwa umetumwa kwenye kundi la simu la kina mama wa kanisani kwao, nao waliupata kwenye kundi jingine, nalo lilitumiwa na ukurasa mmoja wa mtandaoni uliojiita wa wenyeji. Nikavaa miwani. Nikasoma:

*Dole lako ndilo sahihi yako. Usilitie kwenye mashine usiyoijua, hata ukiitwa kwa jina lako la nyumbani.*

Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba kwenye vituo vya kupigia kura vya Magarini, alama za vidole za watu wasio na hati zitaunganishwa na ramani za mashamba, na baada ya matokeo mashamba hayo yatahesabiwa kuwa yametolewa kwa hiari. Maelezo hayo hayakuwa yangu. Lakini ya juu ni yangu yote, isipokuwa neno moja. Walitoa karatasi wakatia mashine, na kwa kuwa maneno yote mawili yako kwenye ngeli moja, hata upatanisho wa sarufi haukuharibika. Mtu aliyefanya hivyo hakuhitaji hata kujua Kiswahili.

Nilikaa pale na ile simu mkononi, nikamkumbuka yule mwanamke akipangusa macho. Nilimwambia jikoni mwao wanaogopa nini, naye akaja akawawashia moto huko huko jikoni.

"Wifi," nikasema, "huu ni uongo. Mashine inaangalia tu kama wewe ndiwe uliyejiandikisha. Haina habari na mashamba."

"Umejuaje?"

Ningeweza kumjibu kwamba mimi mwalimu, nimesoma. Angenyamaza kwa heshima na asingekwenda. Nikamwambia kweli. "Kwa sababu haya maneno ya juu nimeyaandika mimi."

Nikamweleza Bofa, na siku tano, na kisa cha baba yake nilichokitoa mbele ya wageni. Alinisikiliza akiendelea kupukuchua. Nilipomaliza, aliweka gunzi chini.

"Nilipoyasoma," akasema, "nilijiambia haya maneno ni ya mtu anayetujua. Ndiyo maana niliyaamini. Kumbe ni wewe."

Nikamrudishia simu yake.

"Nimewatumia na wenzangu," akaongeza. "Mimi mwenyewe. Nyumba hizi zote unazoziona. Sasa inuka ukawaambie. Mimi sitabeba maneno yako mara ya pili."

Tukaenda kwa jirani yake, mama mtu mzima ambaye uwanja wake ndio kina mama wa pale hukutania kwa kazi za mavuno. Walikuwa watu kumi na wawili hivi. Niliwaamkia, yule mama nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kunipa kiti. Nikasimulia tena, kwa Kiswahili kilekile kinachosifiwa, na kila nilipoongeza neno zuri nilijisikia natenda kosa lilelile. Nikajikatiza, nikasema kwa kifupi: ujumbe ni wa uongo, umetengenezwa na watu wa nje, nami niliwasaidia bila kujua, kituo kinafungwa saa kumi na moja, twendeni.

Kisha yule mama mwenye uwanja akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, basi ulikuwa ukisema kweli wakati ule, au unasema kweli sasa?"

"Nyakati zote mbili, mama. Wao ndio walioigeuza."

"Sisi tutajuaje ni nani aliyegeuza?" akasema. "Wale walikwambia wanalinda ardhi yetu, ukaamini, na wewe ni mwalimu. Sasa wewe watuambia tukatie dole. Acha mimi nikae. Kura hainipi kitu, na shamba nikilikosa sina pengine."

Hakuwa mjinga mama yule, na nitamkatalia yeyote anayesema watu wa mashamba walidanganywa kwa sababu ya ujinga. Alikuwa na sababu kuliko mimi. Yeye alikuwa na kumbukumbu ya mambo yaliyomtokea, na wale wageni wakachukua kumbukumbu hiyo wakaifanya kamba ya kumfungia ndani siku ya haki yake. Ingekuwa hajawahi kudhulumiwa, uongo ule usingepata pa kushika.

Waliotoka walikuwa wanne, pamoja na wifi. Tukakodi pikipiki tatu mpaka shule ya msingi yenye kituo, na tulifika saa kumi na nusu imekwisha kupita. Foleni haikuwa ndefu. Karani mmoja aliniambia tangu asubuhi watu wamekuja wachache, na hajui kwa nini. Mimi nilijua.

Niliruhusiwa kusimama mlangoni, kwa kuwa wale kina mama waliomba. Wifi alipofika kwenye mashine, karani, msichana mtulivu, akamwomba aweke kidole. Mashine ikakataa. Vidole vya wifi vimelika kwa jembe. Akajaribu kingine, ikakataa tena. Wifi akageuka akanitazama, na katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kunitazama namna ile.

"Pangusa kidogo, mama, tujaribu hiki," karani akasema. Cha tatu kikakubali, na sura yake ikatokea kwenye kioo.

"Hii picha yangu inakwenda wapi?" wifi akauliza.

"Haiendi popote, mama. Inatuambia tu kwamba wewe ni wewe."

Akapiga kura yake. Akatoka na wino kidoleni, na njia nzima ya kurudi hakusema nami.

Aliyeshinda eneo lile alishinda kwa kura chache. Simlaumu, kwa sababu sijui kama alijua. Wala sina hakika kwamba wale waliobaki majumbani wangempigia mwenzake. Lakini wao pia hawatajua, na hilo ndilo linaloniudhi. Watu wazima walinyimwa kusema wanalotaka, na aliyewanyima hakuwahi hata kuonana nao.

Niliporudi Malindi nilikwenda kwa bwana mwenye duka la vitabu, ambaye babu yake alitoka Bara Hindi akafungua duka lile kabla baba yangu hajazaliwa. Nimenunua chaki na madaftari kwake maisha yangu yote ya kazi. Nilimwomba anitafutie ule ukurasa wa wenyeji kwenye kompyuta yake. Ulikuwa na picha ya shamba la mihogo na nyumba ya makuti, na maneno ya Kiswahili kizuri, mengine niliyatambua.

"Tazama hapa, mwalimu," akasema, akanionyesha pahali ambapo mtandao wenyewe huandika wasimamizi wa ukurasa wako wapi. Wengi walikuwa nchi moja, wachache nchi nyingine, zote mbali, na hapa kwetu hakuna hata mmoja.

Akauteremsha ukurasa kidogo, akakoma. Kulikuwa na maandishi mengine ya wiki iliyotangulia, yakiwataka watu wawaulize wenye maduka wa asili ya Kihindi wametoa nini ili kura zichapishwe wanavyotaka wao. Alivua miwani akaisafisha, ingawa ilikuwa safi.

"Mimi nimezaliwa hospitali ya hapa," akasema. "Hawa wako huko waliko, na wananiita mimi mgeni."

Nilimpigia yule mwanamke. Nambari haikupatikana. Nikapanda gari mpaka Bofa. Mtunzaji wa nyumba akaniambia wale waliondoka kitambo, walikuwa watu wazuri, walimwachia friji. Siku mbili baadaye ukurasa ukafutika, na yote yaliyokuwamo yakaondoka nao kama kwamba hayakuwahi kusemwa.

Nilikwenda kuandikisha malalamiko katika ofisi moja ya serikali. Afisa alinipokea vizuri, akasoma karatasi niliyopewa na wale wageni. Iliandikwa kwamba nimetoa huduma za lugha.

"Mwalimu," akasema, "wewe uliandika neno la kweli. Wao wamebadilisha neno moja, na hawapo nchini. Nimshike nani?"

"Waulizeni wenye mtandao."

"Tukiwaandikia, wanajibu kwa barua ya shukrani."

Sikumchukia. Nilichochukia ni ule upole wa kila mtu. Mtunzaji wa nyumba aliona watu wazuri, mwenye mtandao anashukuru, afisa anasikitika, na yule mwanamke bila shaka yuko kwingine sasa, anamuuliza mwalimu mwingine watu wanaambiana nini jikoni. Ana adabu zake zote. Ataandika ripoti, na humo mtu kama wifi yangu hatakuwa na jina, atakuwa ni kundi la watu wenye hofu fulani iliyofaa.

Nilidhani madhara yameishia hapo. Hayakuishia.

Mwaka uliofuata serikali ilileta wapimaji wa ardhi kule, kwa kweli safari hii, kuandikisha wenye mashamba ili wapewe hati. Ni jambo lililongojewa tangu enzi za baba yake wifi. Tangazo lilitumwa kwa simu: njooni siku fulani, pahali fulani, na kitambulisho, mtatia alama za vidole. Kina mama wa kundi lile waliusoma ujumbe, wakautazama ulivyoandikwa kwa ufasaha, wakaupuuza. Wifi naye aliupuuza. Hakunipigia hata kuniuliza, na sikuwa na haki ya kutarajia anipigie.

Nilipata habari kwa mtu mwingine, siku imeshapita. Nilikwenda mbio Adu. Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu, na mashamba ya upande ule yalikuwa yameandikwa mbele yake: mwenyewe hakutokea.

Nilimkuta wifi amesimama mbele ya ile karatasi na yule mama mwenye uwanja. Hawakuwa wakilia. Yule mama akaniambia, "Safari hii ilikuwa kweli," kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, na mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia.

Pingamizi zinaruhusiwa kwa muda maalumu, kwa maandishi, kila shamba na fomu yake. Basi nimekuwa nikienda. Tunakaa uwanjani kwa yule mama, ananisimulia mpaka wa shamba lake kwa miti na mawe na makaburi, nami naandika. Siongezi kitu. Akisema "pale penye mkanju uliokatwa", naandika pale penye mkanju uliokatwa. Nikimaliza namsomea, kisha anamwita mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari amsomee tena, mbele yangu, ili asikie kama niliyosoma ndiyo yaliyoandikwa. Mara ya kwanza nilitahayari. Sasa namngojea binti amalize, na akikosea namwacha arudie mwenyewe.

Fomu kumi na moja zimepokelewa. Tatu zimerudishwa kwa makosa ya ramani, na ya wifi ni kati ya hizo. Hatujui zitakwendaje. Wapo waliotuambia tusisumbuke, orodha ikishabandikwa imebandikwa.

Wifi amerudi kunitania kidogo, si kama zamani. Ujumbe wangu wa simu hausomi. Nikimwandikia kwamba nakuja Jumatano, hajibu, na nikifika Jumatano ananiuliza mbona sikusema nakuja. Juzi nilipokuwa naaga aliniambia kwamba mpimaji ameahidi kurudi wiki ijayo kuutazama mpaka wa kisimani, na kwamba atawataka watu wazima wa kushuhudia.

"Uje," akasema. "Uje mwenyewe, usiniandikie."

Nikamwambia nitakuja.